Nilizikata Tambi za Bibi Siku ya Kuposwa Kwangu

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo mnavyosema.

Mimi nililisikia la mkuu. Nikalitii neno kwa neno. Nusura nivunjikiwe na uchumba.

Kaeni vizuri niwape mkasa wenyewe. Sijautia chumvi. Nimeutia mchuzi wa samaki tu.

Naitwa Ditas. Naishi San Pablo na bibi yangu mzaa baba, Lola Basyon; kwetu bibi huitwa Lola. Mwaka juzi alikuwa anatimiza miaka themanini na minane, na siku hiyohiyo ndiyo mama yake Crisanto alikuwa anakuja kuniposa rasmi.

Crisanto ni fundi wa viyoyozi. Mpole, mchapakazi, miaka thelathini na miwili. Tulikuwa pamoja miaka minne, na katika hiyo minne, mitatu na nusu mama yake alikuwa "bado anafikiria".

Huyo mama, Mama Remedios, ndiye shughuli yenyewe.

Akiota ameng'oka jino, anauma mto kwanza kuzuia kifo ndipo anaamka. Ngazi za nyumba yake alizibomoa na kuzijenga upya, kwa sababu alipozihesabu moja moja, dhahabu, fedha, kifo, ya mwisho ilimwangukia kifo.

Kwa hiyo nilijua. Mama huyu akiona ishara moja mbaya siku hiyo, ndoa hakuna. Anashuka ngazi na mwanawe, basi, kwaheri Ditas.

Nilimsihi Lola tutenganishe siku. Akanijibu bila kunitazama.

"Karai moja, sherehe mbili. Mimi gesi ya kuchezea sina."

Sasa, siku ya kuzaliwa bila tambi haijawahi kuwa siku ya kuzaliwa. Na kwetu nyumbani tambi za siku hiyo ni sotanghon, zile tambi za choroko zinazoangaza kama kioo. Ndefu. Zinabaki ndefu kuanzia dukani mpaka tumboni. Ukizikata, umemkatia mwenye siku umri wake.

Miaka yote mpishi alikuwa Shangazi Pacing, dada mkubwa wa baba. Huyu akipakua tambi anapanda kwenye kigoda, anashika vijiko viwili, anavuta juu mpaka mikono inagusa taa.

Mwaka uliotangulia ndipo kilipotokea kisanga.

Lola alimeza ncha ya utambi mmoja. Ukaingia nusu. Nusu ukabaki unaning'inia mpaka kwenye sahani. Akashindwa kuumeza, akashindwa kuutoa, macho yakamtoka.

Na Shangazi Pacing kamsimamia.

"Usikate, Mama. Vuta. Vuta taratibu."

Alivuta kwa muda wa Salamu Maria nzima. Ulipokwisha kuingia, Lola akaweka uma mezani, hakula tena siku ile.

Basi mwaka huo wa posa yangu akatangaza mbele ya wote: "Safari hii anapika Ditas. Wakwe zake waone mikono yake."

Shangazi Pacing alinuna wiki nzima. Lakini neno la Lola likishatoka halirudi.

Asubuhi ya siku yenyewe nikaziloweka tambi kwenye beseni. Kuku nilikuwa nimeshamchemsha na kumchambua. Shangazi alikuwa amenisimamia tangu alfajiri, ananihesabia punje za pilipili manga, mpaka alipogundua ndimu hazitoshi akatoka kwenda sokoni.

Alipofunga geti tu, Lola akaingia jikoni. Akausukuma mlango kwa fimbo yake, ukajifunga.

"Ditas."

"Naam, Lola."

"Mkasi uko wapi?"

"Wa nini?"

"Wa kumnyolea jogoo. Wa tambi, we mtoto."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Lola, leo? Siku yako? Na Mama Remedios anakuja?"

"Mwaka jana nilikaribia kufa kwa kutafuta maisha marefu." Akaketi. "Haya meno ya bandia hayakati. Tambi inateleza, inaingia yenyewe kama nyoka, na Pacing amenisimamia kama askari. Tangu niyavae sijawahi kushiba siku yangu mwenyewe. Watu wanakula, wanaimba, mimi natazama."

Hapo akanishika. Kwa sababu ilikuwa kweli. Miaka mitatu nilikuwa namwona akigeuzageuza sahani, na hakuna aliyeuliza.

"Kata urefu wa kidole," akasema. "Zikishakunywa mchuzi nani atajua?"

"Wakijua?"

"Nitasema nimeagiza mimi. Nani atanifungulia mdomo siku yangu? Ila wewe usinitaje. Niachie mwenyewe."

Akaniapisha. Mkono juu ya sanamu ya Mtoto Yesu iliyo juu ya friji, kwamba jina lake halitatoka kinywani mwangu.

Nikaapa. Nikachukua mkasi. Nikakata.

Nawaambia, nilikata kana kwamba nakata waya wa umeme wa mtaa mzima. Lola amekaa pembeni ananihimiza. "Pale. Umeruka pale. Hizo bado ndefu."

Kisha nikapika.

Vitunguu saumu kwanza, mpaka vikawa rangi ya dhahabu, nikavitoa nusu nikaviweka kando. Vitunguu maji. Kuku. Karoti, kabichi, na ule uyoga mweusi tunaouita sikio la panya. Mafuta nilikuwa nimeyalowekea mbegu za atsuete tangu jana yake, yakawa mekundu kama machweo. Mchuzi wa kuku. Mchuzi wa samaki. Tambi mwisho.

Na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Tambi za choroko zina kiu ya mlevi. Ukigeuka kusalimia mtu zimeshamaliza mchuzi wote, na usipoongeza zinageuka gundi. Mimi sikugeuka. Hata Shangazi aliporudi akabisha mlango, alibisha mpaka akachoka.

Nilipomfungulia alikuta nimeshamwagia juu majani ya vitunguu, vitunguu saumu vya kukaanga na mayai ya kware. Akanusa. Hakusema kitu. Kwa Shangazi Pacing, hiyo ni sifa.

Saa sita mchana wakafika.

Mama Remedios mbele, kashika sahani yake ya leche flan, ile kastadi ya mayai na maziwa, aliyoipika mwenyewe, inatetemeka kama shavu la mtoto. Akapanda ngazi zetu huku midomo inacheza. Anahesabu. Ya mwisho ikawa dhahabu, nikapumua.

Crisanto nyuma, kavaa shati jeupe la kupiga pasi. Akainama, akauchukua mkono wa Lola akaugusisha kwenye paji la uso wake.

"Mungu akubariki," Lola akamwambia. "Una njaa?"

"Sana, Lola."

"Huyu anafaa."

Mambo yakaenda vizuri. Wakazungumza habari za kanisa litakalofaa, mwezi utakaofaa. Mama Remedios akasema Februari si mbaya. Jamani, Februari. Alikuwa hajawahi kutamka mwezi. Nilikaa pale nimeshika mtungi wa maji, nimesahau kummiminia mtu.

Tukasali. Lola akapakuliwa wa kwanza.

Alikula kijiko cha kwanza. Cha pili. Cha tatu akafumba macho. Alikuwa anatafuna taratibu, kwa raha zake, kama mtu aliyerudi nyumbani kutoka safari ya mbali. Kwa hilo tu, hata sasa ukiniuliza, nitakwambia ilikuwa sawa.

Kisha Mama Remedios akasimama.

Huyu mama ana tabia yake kwenye karamu. Anachota tambi kwa uma, anazinyanyua juu watu wote waone zilivyo ndefu, anamwombea mwenye siku umri. Nami sikulijua hilo. Crisanto alilijua, lakini Crisanto alikuwa anakula.

"Lola Basyon," akaanza kwa sauti ya kanisani, "Mungu akupe miaka mirefu kama hizi."

Akanyanyua uma.

Uma ukaja mtupu.

Akachota tena. Vikaja vipande vitatu, vikaanguka sahanini kimoja kimoja, kama vinaona aibu.

"Pacing," akasema polepole. "Tambi hizi zimekatwa."

Shangazi akaokota kipande kimoja, akakilaza juu ya kidole chake cha shahada.

"Urefu wa kidole," akatangaza, utadhani daktari anasoma majibu ya maiti.

Meza nzima ikaacha kutafuna. Isipokuwa watu wawili. Lola, na Crisanto.

"Ditas," Shangazi akaniita.

"Naam, Shangazi."

"Ni wewe?"

"Nimekata mimi, ndiyo."

"Siku ya kuzaliwa ya mama yangu. Umeshika mkasi."

Nikamtazama Lola. Hapa ndipo pake. Hapa ndipo alipoahidi kusema.

Lola akajifuta mdomo. Akazitazama tambi kana kwamba zimeshuka kwenye meli ya kigeni asubuhi ile. Akafanya ishara ya msalaba.

"Jamani," akasema. "Na mimi nilidhani ni macho yangu."

Nikaishiwa pozi.

Mama Remedios akaweka uma chini.

"Msichana anayemkatia bibi yake umri mchana kweupe," akasema, "mwanangu akishikwa na mafua atamfanyaje?"

"Atamzika," Shangazi Pacing akajibu, ndugu yangu wa damu kabisa.

"Sina ugomvi," akaendelea Mama Remedios. "Apige magoti hapa. Amwombe radhi bibi yake, aniombe na mimi, hili karai limwagwe, apike nyingine. Ndipo tuongee habari za Februari. Hataki, sisi tunashuka."

Watu wote wakanigeukia. Nikajua sasa ni ama magoti ama Crisanto.

Nikamtazama Crisanto.

Mashavu yamemjaa kama mpiga tarumbeta. Ile ilikuwa sahani ya pili.

"Crisanto," nikasema. "Una la kusema?"

"Mm," akasema. Akanyoosha kidole kimoja. Maana yake ningoje ameze.

Yaani maisha yangu yanabomoka, mwenzangu anatafuna. Bibi aliyenituma kanikaushia, mchumba mdomo umejaa ushahidi.

Hasira ikanipanda mpaka ikatulia.

"Sipigi magoti," nikasema.

"Ditas," Shangazi akanionya.

"Sipigi, Shangazi. Tazama sahani ya Lola. Iko tupu. Mwaka jana alikula utambi mmoja ukataka kumtoa roho, na nyinyi mlikuwa mnamwambia avute. Kama umri unakatwa, afadhali ukatwe akiwa ameshiba."

"Mimi," akasema Mama Remedios, na akajipiga kifua, "tangu nijitambue, nyumbani kwangu mkasi haujawahi kugusa tambi."

Hapo Crisanto akameza.

Nilisikia. Wote tulisikia, jinsi meza ilivyokuwa kimya.

"Mama," akasema, "si kila mwaka unanikatia?"

Mama Remedios hakugeuka.

"Zangu unazikata pembeni, unaweka kwenye bakuli la bluu. Tangu nilipokwamwa na tambi nikiwa darasa la kwanza." Alisema kwa upole kabisa, kama anamkumbusha mama yake alikoweka funguo. "Hata siku yako ya kuzaliwa unanikatia."

"Nyamaza ule."

"Nakula, Mama. Ndiyo maana nasema. Hizi ni nzuri kama zako."



Shangazi Pacing akaegemea mbele taratibu sana.

"Remedios. Huyu ana miaka thelathini na miwili."

"Anakwamwa kirahisi," akasema Mama Remedios.

"Na nyama je? Unamtafunia?"

Ndugu zangu, nani angejizuia? Alianza Lola. Alicheka mpaka meno ya chini yakachomoka, yakatua kwenye sahani, katikati ya yai la kware. Akacheka jirani aliyekuja kuazima kiti. Nikacheka mimi. Sikuficha mdomo wala sikugeukia ukutani. Nilicheka kwa miaka mitatu na nusu ya "bado nafikiria".

Mama Remedios akanitazama mimi peke yangu.

Akasimama. Akachukua leche flan yake, haijaguswa hata pembe, akashuka nayo ngazi. Watu wakija kuposa kisha wakarudi na chakula walichokuja nacho, ujue maneno yamekwisha.

Crisanto akamfuata. Akarudi kuchukua viatu. Akamfuata tena.

Kesho yake nikamkuta Lola jikoni, anakwangua ukoko wa karai kwa kijiko.

"Kwa nini ulinikana?"

"Petro alimkana Bwana mara tatu akapewa funguo za mbinguni. Mimi nimekukana mara moja tu."

"Lola, sicheki."

Akaacha kukwangua.

"Ningesema nimeagiza mimi, Pacing angesema akili imenitoka. Wangenifungia jiko. Ukishafungiwa jiko unawekwa mbele ya televisheni, unaambiwa pumzika. Nimewaona wenzangu walivyopumzika, wote nimewazika." Akanisogezea kijiko. "Wewe kijana. Aibu ya kijana inakauka upesi. Nenda kamwombe yule mama radhi, yaishe."

"Uliyenituma ni wewe."

"Na aliyecheka?"

"Ulianza wewe."

"Mimi yalikuwa meno," akasema, akaendelea kukwangua.

Siku tatu Crisanto hakupiga simu. Siku ya nne akaja mwenyewe, kasimama mlangoni mwa jiko, anazungusha kofia mikononi.

"Mama anasema harusi ipo. Februari ileile. Ila umwombe radhi."

"Kwa tambi?"

"Tambi ameshakusamehe. Kwa kile kicheko."

"Na wewe unasemaje?"

Akafikiri. Birika likachemka. Nikalizima. Bado anafikiri.

"Mimi nasema," akaanza, "zile tambi zilibaki?"

Bahati yake birika lilikuwa zito.

"Siku nne, Crisanto. Lola amekula mpaka ukoko."

"Basi nifundishe." Akaweka kofia mezani. "Nimemwambia Mama kwamba ulikuwa na haki ya kucheka, hata mimi nilitaka kucheka. Akasema kama ni hivyo hanipikii tena, wala hanikatii tena. Nikamwambia sawa. Ndiyo maana sikupiga simu. Nimekula mkate siku tatu."

Nikamtazama vizuri. Kweli alikuwa amekonda kidogo shingoni.

Nikampa pakiti ya sotanghon na beseni.

Vitunguu saumu aliviunguza. Mchuzi wa samaki alimwaga kama anajaza maji kwenye redieta. Akageuka kuniuliza kitu, tambi zikanywa mchuzi wote, zikawa gundi. Kukata alikata mwenyewe, ulimi nje, kipande kwa kipande, kama anakata nyaya za kiyoyozi cha askofu.

Akala sahani nzima. Hakukwamwa.

"Nitamwambia Mama harusi ni Februari," akasema. "Akija, karibu. Asipokuja, nitampelekea picha."

Alikuja. Akaketi benchi la mwisho, kavaa miwani ya jua ndani ya kanisa. Hatujasalimiana mpaka leo. Krismasi mbili sasa, vyakula vyake vinapitia kwa Crisanto, vyangu vinapitia kwa Crisanto, na vyombo vinarudi vimeoshwa.

Lola ametimiza tisini juzi Jumapili. Nilimkatia tambi zake. Alikula sahani tatu, na walipozigundua akafanya ishara ya msalaba, akashangaa kuliko wote.

Ninaandika haya kwa sababu baada ya kula, Shangazi Pacing alisimama mbele ya ukoo mzima akasema mwaka wa pili huu unakwisha, Ditas amwombe mama mkwe wake radhi tuwe familia moja. Wakapiga makofi. Lola naye akapiga makofi, na mdomo umejaa.

Mume wangu hakupiga. Aliniuliza kama bado kuna ndimu.

Funzo langu ni fupi, msiooa na msioolewa mlishike. Anayekutaka upige magoti, mwulize kwanza mkasi wake anauficha wapi. Na mtu wako akichelewa kusema, mpe nafasi ameze, lakini wewe usipige magoti wakati unamngoja.

Mama Remedios, najua Crisanto atakusomea hii.

Tambi nilikata. Kucheka nilicheka.

Siombi radhi.